Kutoka chaki hadi futi: yale niliyoambiwa kuhusu uthamini wa nyumba

Nilifundisha jiografia Tabora kwa miaka 17. Nikiwa na miaka 43 nikarudi darasani, safari hii upande wa madawati, katika Chuo cha Ardhi Tabora ambacho kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakipita tu, kusomea uthamini: kukadiria thamani ya nyumba na ardhi. Wanafunzi wenzangu walinishikamoo kwa muhula mzima kabla hawajanizoea. Leo nafanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa, kati ya Tabora na Kigoma, na kila wiki nasikia jambo kuhusu kazi hii ambalo si kweli.

"Dalali mzoefu ni mthamini tayari"

Dalali simdharau. Nikitaka kujua nyumba ipi ya Isevya imeuzwa juzi, yeye ndiye wa kwanza kumpigia. Ila dalali hula kwa asilimia. Bei ikipanda na chake kinapanda. Mthamini kazi yake si kuisukuma bei ipande. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii. Ripoti ya dhamana ya mkopo, au ya fidia kwa mtu ambaye ardhi yake inatwaliwa, inataka jina lililo kwenye orodha ya Bodi, na miaka ya kijiweni hailiingizi jina humo.

"Mthamini ndiye anayepanga bei"

Hili ndilo linaloniletea ugomvi na watu wazima. Tuseme kijana wa Dar amemjengea mama yake nyumba huko Uvinza vijijini kwa shilingi milioni 90: vigae, geti, kila kitu. Anataka ripoti iseme milioni 90, "risiti zote ninazo, mwalimu." Risiti zinaonyesha gharama. Thamani ni kile ambacho mnunuzi mwenye akili timamu, asiyelazimishwa, angetoa leo kwa nyumba hiyo mahali hapo, na kijijini wanunuzi wa namna hiyo ni wa kuhesabu kwa vidole. Inaweza isifike hata nusu ya alichotumia. Kukokotoa gharama za ujenzi kwa undani ni kazi ya mkadiriaji majenzi, taaluma nyingine kabisa.

Sisi tunatafuta mauzo ya nyumba zinazofanana, au tunaangalia kodi inayoingia, au tunapiga gharama ya kujenga upya kisha tunatoa uchakavu. Kwenye karatasi ni rahisi. Mtaani, mkataba wa mauzo unaweza kuwa umeandikwa bei ndogo ili kukwepa kodi, kwa hiyo ukiuamini kama ulivyo unapotea. Namuuliza muuzaji, namuuliza mnunuzi, halafu namuuliza jirani aliyeshuhudia pesa zikihesabiwa. Kwa kawaida jirani ndiye mkweli.

"Kukagua nyumba ni kuitazama"

Nami niliamini hivyo. Miezi yangu ya mwanzo nilipelekwa kwenye nyumba moja mjini Tabora, tofali za kuchoma, rangi mpya, dari nyeupe pee. Nikapima kwa futi, nikapiga picha, nikaandika: paa liko katika hali nzuri. Bosi akaniuliza swali moja tu: "Dari uliifungua?" Nikarudishwa na ngazi na bisibisi. Nilipochomeka bisibisi kwenye kenchi ya pili ikazama hadi mpini, kama nimechoma andazi. Mchwa walikuwa wamekula ndani yote na kuacha ganda. Ukutani, nyuma ya kabati, njia yao ya udongo ilikuwa imepanda kutoka kwenye msingi, nene kama kidole. Kabati lile halikuwekwa pale kwa bahati mbaya.

Tangu siku hiyo huanzia juu na nyuma ya samani. Ufa mwembamba wa plasta haunishughulishi. Unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, unaanzia msingini na kidole kinaingia, huo nauandika na kupendekeza mhandisi aitwe, maana mthamini si mhandisi. Na Kigoma, nyumba ya ufukweni isikutie wazimu kwa mandhari. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Tanganyika lenyewe limepanda miaka ya karibuni likaingia kwenye nyumba za watu.

"Kama Marekani, nitafungua ofisi ya kukagua nyumba tu"

Kule mnunuzi humlipa mkaguzi kabla ya kukamilisha ununuzi, na majimbo mengi yanampa leseni. Hapa mnunuzi anakwenda na fundi wake na soda moja. Soko hilo huenda likaja. Usijiuzulu kazi kwa ajili yake.

"Fidia ni nyumba tu"

Mzee mmoja wa Ujiji alinivuta pembeni: "Mwanangu, na ule mchikichi mdogo umeuandika?" Niliuandika. Mazao ya kudumu yanahesabiwa kwa umri na hali yake, ardhi inahesabiwa, kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969. Jedwali la fidia zote hizo linakwenda hadi kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, na malipo yakipita miaka 2 bila kufanyika, uthamini hurudiwa.

"Umri umekwenda"

Umri haukunizuia. Kilichonibana ni ngazi yenyewe: cheti mwaka 1, stashahada miaka 2, na shahada ya Chuo Kikuu Ardhi miaka 4. Stashahada yangu hainipi haki ya kutia saini ripoti. Kwa miaka kadhaa utashika futi mwenzako akisaini, na mshahara utakuwa wa mshika futi. Mke wangu aliuliza hilo kabla yangu. Tulikuwa tumeweka akiba, ndiyo maana nilithubutu.

Jumatatu narudi Ujiji. Kuna shamba ambalo mwenyewe anasema lina michikichi 140, ameshaihesabu. Nitaihesabu upya, naye akiwa pembeni.