Je, wajua kwa nini ubongo hurudia mambo ya mchana tunapolala?

Wengi huamini kwamba hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ndani kabisa ya ubongo usawa wa masikio, ni ghala la kumbukumbu. Kisa cha Henry Molaison wa Marekani chaonyesha vingine. Mwaka 1953 daktari William Scoville alimkata sehemu kubwa ya hipokampasi, kulia na kushoto, ili kumpunguzia kifafa, na tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008 Molaison hakuweza kukumbuka matukio mapya. Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyemchunguza kwa miaka mingi, alikuwa mgeni kwake kila walipokutana. Hata hivyo, aliwakumbuka wazazi wake na mambo ya utotoni. Akipewa kazi ya kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa yeye aliona kila mara ni ya kwanza. Ghala likibomolewa, mali ya zamani ingesalimikaje?

Ukweli ni kwamba tukio moja hutawanywa katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje: sura huku, sauti kule. Hipokampasi hufanya kazi ya mwalimu wa kwaya. Kila mwimbaji anaijua sauti yake, lakini mwanzoni ni mwalimu peke yake anayejua nani aingie baada ya nani. Huwarudisha mwanzo tena na tena, mpaka waimbaji wazoeane na kupokezana bila kumtazama.

Marudio hayo ya usingizini yameonekana. Mwaka 1994 watafiti Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi zilizotoa umeme pamoja panya alipokuwa akitembea zilitoa umeme pamoja tena alipolala. Baadaye ilibainika kuwa hata mfuatano wa njia aliyopita panya hurudiwa, tena kwa kasi kubwa mno, ndani ya mawimbi mafupi ya umeme yanayotetema takriban mara 150 hadi 250 kwa sekunde. Mwaka 2009 mtafiti Gabrielle Girardeau na wenzake waliyakatiza mawimbi hayo kila yalipotokea baada ya mazoezi, na panya wakachelewa kujifunza mahali chakula kilipo.

Ushahidi mwingi ni wa panya, na kwa binadamu ule wa moja kwa moja hutoka hasa kwa wagonjwa wa kifafa waliowekewa nyaya ubongoni kwa ajili ya matibabu. Aidha, wako wataalamu wanaoshikilia kwamba kumbukumbu yenye undani, ya mahali na saa, huendelea kuihitaji hipokampasi maisha yote.