Elimu ya jiosayansi kwa jamii: dhana potofu zinazokwamisha fedha

Maji ya kisima kipi hayafai kunywewa? Mteremko upi usijengwe nyumba? Nyufa zinazojitokeza ardhini baada ya mvua ndefu zina maana gani? Hayo ni maswali ya jiosayansi, yaani sayansi ya miamba, udongo, maji ya ardhini, volkano na matetemeko. Wanaoyahitaji zaidi majibu yake ni watu wanaoishi pale pale. Hata hivyo, bajeti ikibana, fungu la kuwafundisha ndilo hukatwa kwanza, na sababu zinazotolewa nyingi hazina msingi.

Dhana: Wataalamu wakishajua hatari iko wapi, kazi imekwisha.

Kati ya dhana zote nitakazozitaja, hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana imeshaangamiza miji.

Novemba 13, 1985, volkano ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia ililipuka na kuyeyusha sehemu ya barafu ya kileleni. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Lakini tope la majivu, mawe na maji lilishuka mabondeni kwa zaidi ya saa 2 kabla ya kuufikia mji wa Armero usiku ule. Watu zaidi ya 23,000 walikufa. Ramani ya hatari ilikuwa imetolewa mwezi mmoja kabla, nayo iliuweka Armero kwenye njia ya tope. Viongozi walisita kuwahamisha watu. Wakazi nao hawakuwa wamefundishwa kuisoma ramani ile wala kujua wakimbilie wapi, ilhali ardhi ya juu haikuwa mbali.

Sasa tazama kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Tsunami ya mwaka 1907 iliwaachia wakazi wake simulizi waliyoiita *smong*: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani, usisubiri kuambiwa. Desemba 26, 2004, mawimbi yalifika pale dakika chache tu baada ya tetemeko. Kati ya watu wapatao 78,000, waliokufa ni 7.

Wapo wanaouliza: kama simulizi za wazee ziliokoa kisiwa kizima bila mfadhili, fedha za nini? Jibu liko ng'ambo ya maji, pwani ya Aceh kwenye kisiwa kikubwa cha Sumatra, ambako simulizi ile haikuwapo na watu zaidi ya laki moja waliangamia. Watu huhama. Wanajenga kwenye mabonde ambayo babu zao hawakuyajua. Kwao simulizi hiyo inabidi ianzishwe upya, na kuianzisha kunahitaji walimu, muda na nauli.

Dhana: Fedha ziende kwenye vifaa, maelezo yatajipa yenyewe.

Nchini Bangladeshi, visima vya pampu vilichimbwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 ili watu waache maji machafu ya madimbwi na mito. Nia ilikuwa njema. Baadaye ikagundulika kwamba maji ya vingi kati yake yana aseniki, sumu inayotokana na mashapo ya asili ardhini. Haina rangi wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani, kilichobaki huwa na sumu nzito zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 visima vipatavyo milioni 5 vilipimwa na pampu zake kupakwa rangi: kijani kwa salama, nyekundu kwa hatari. Kazi ile ilikuwa kubwa na naiheshimu. Lakini rangi hufifia, na familia huchimba visima vipya ambavyo havijapimwa na mtu. Anayejua kwa nini kisima kifupi kina sumu na kile kirefu cha jirani hakina, atadai kipimo kabla ya kunywa. Aliyeambiwa tu asiguse pampu nyekundu hana la kufanya rangi ikishapotea.

Kwa hiyo nikisoma bajeti ya mradi wa aina hii natafuta vitu vitatu: posho ya mtu wa pale atakayesoma kipimo kila siku, fungu la matengenezo, na gharama ya kuwarudishia wananchi matokeo kwa lugha yao. Visipokuwepo, kifaa kitakuja kukutwa kimeota kutu.

Dhana: Data ya watu wa kawaida haiaminiki.

Julai 1997 mafuriko yaliupiga mji wa Fort Collins, Colorado, nchini Marekani. Mvua ilitofautiana sana kutoka mtaa hadi mtaa, na vituo rasmi vilikuwa vichache mno kuionyesha. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mtandao wa CoCoRaHS: mtu anapewa mafunzo mafupi, anaweka kipimamvua cha plastiki uwanjani kwake na kuripoti kila asubuhi. Leo idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo hutumia vipimo hivyo.

Ecuador nako, tangu mwaka 2000, wakulima waishio kando ya volkano ya Tungurahua wamekuwa wakiwaarifu wanasayansi kwa redio wanachokiona na kukisikia. Hao ni watu waliofunzwa nini cha kutazama, na mafunzo hayo ndiyo yanayoombewa fedha.

Dhana: Warsha moja inatosha.

Haitoshi. Watoto huzaliwa, walimu huhamishwa, na volkano inaweza kulala miaka mia. Ruzuku ndogo inayorudi kila mwaka kwa miaka kumi ina faida kuliko kubwa inayoisha kwa miezi kumi na minane.

Dhana: Mfadhili ndiye anayejua jamii ifundishwe nini.

Mfadhili anaweza kuja na somo la matetemeko mahali ambapo watu wanahangaika na meno yaliyobadilika rangi kwa sababu ya floraidi katika maji ya visima. Huko kwenye miamba ya kivolkano ya Bonde la Ufa tatizo hilo ni la kawaida, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Programu ya Thriving Earth Exchange, iliyoanzishwa mwaka 2013 na chama cha wanajiofizikia cha Marekani, AGU, hugeuza utaratibu huo: jamii huleta swali lake kwanza, ndipo hutafutwa mwanasayansi wa kujitolea anayelifaa.