Carson Si Lazima Awe Mwanamume

Wasomaji wengi wakutanapo na mwanamke wa Marekani aitwaye Carson hudhani kwamba wazazi wake walitamani mtoto wa kiume, au kwamba walifuata mtindo uliozuka juzijuzi. Dhana hiyo haina msingi. Katika majimbo ya kusini, mwanamke aliyeolewa kwa kawaida aliacha jina la ukoo wake na kuchukua la mumewe, na njia mojawapo ya kulinusuru jina la kwao ilikuwa kumpa mtoto au mjukuu kama jina la kwanza au la kati, awe wa kiume au wa kike. Mwandishi Carson McCullers alizaliwa mwaka 1917 mjini Columbus, Georgia, akaitwa Lula Carson Smith kwa kumuenzi bibi yake mzaa mama, Lula Carson Waters, aliyezaliwa katika ukoo wa Carson. Alipofika ujanani aliliacha Lula, jina la kike lisilo na utata, akabaki na lile linalowababaisha watu hadi leo. Wala jambo hili si geni: huko Uingereza, katika karne ya 16, Douglas Howard aliyehudumu katika kasri la Malkia Elizabeth I alikuwa mwanamke.