Radoni: gesi inayopanda kutoka chini ya sakafu

Mwezi wa sita Makete, kwenye baridi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, jua likianza tu kuzama madirisha yote yameshafungwa. Jiko la mkaa limeingizwa ndani, kitambaa kimesukumizwa chini ya mlango, na anayetoka huambiwa afunge haraka. Nyumba iliyofungwa namna hiyo inatusaidia kuelewa radoni ni nini na kwa nini hujikusanya majumbani.

Radoni ni gesi ya asili yenye mionzi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Karibu kila mwamba na kila udongo una urani kidogo ndani yake, madini yenye mionzi. Urani huvunjika polepole sana, hatua baada ya hatua, hadi hufika kuwa radiamu, na radiamu ikivunjika huzaa radoni. Urani na radiamu ni yabisi, hubaki ndani ya jiwe. Radoni ni gesi, kwa hiyo hupenya katikati ya chembe za udongo na kupanda juu. Ikitokea nje, upepo huitawanya na habari yake huishia hapo. Ikitokea chini ya nyumba, huingia ndani na kukaa.

Miamba ya graniti kwa kawaida hubeba urani nyingi kuliko mawe ya chokaa, na mtu wa Iringa aliyezungukwa na majabali anaweza kuingiwa na hofu. Jiwe peke yake haliamui. Nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu ya nyufa za sakafu, aina ya udongo uliojazwa kwenye msingi, na jinsi hewa inavyopita ndani.

Hapa ndipo baridi yetu inapoingia. Hewa iliyopashwa moto na jiko hupanda na kutokea juu, kwenye dari na mianya ya paa. Ikishatoka, nyumba huvuta hewa nyingine kujaza pengo, na sehemu ya hewa hiyo hutoka ardhini, kupitia nyufa za sakafu, maungio ya sakafu na ukuta, na pembeni mwa mabomba ya maji. Nyumba nzima hufanya kazi kama dohani. Nyumba za zamani za udongo na nyasi zilikuwa na mianya mingi ya kupitisha hewa. Leo tunajenga kwa tofali za kuchoma, madirisha ya alumini na dari ya jipsamu. Ni maendeleo mazuri, nami nayafurahia, lakini nyumba inayozuia baridi isiingie huzuia pia radoni isitoke.

Madhara yake hayaji usiku mmoja. Tusiichanganye na gesi ya sumu ya jiko la mkaa, ile inayoua watu wakiwa usingizini. Hiyo ni hatari nyingine, na jiko linalowaka halipaswi kulala chumbani kabisa. Radoni hufanya kazi kwa miaka. Nusu ya kiasi chake huvunjika kila baada ya siku 3.8, na mabaki yake, yenye mionzi pia, hunasa kwenye vumbi na moshi, tunayavuta, yakaunguza mapafu kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba radoni husababisha kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi. Kwa mvutaji sigara hatari hiyo ni takribani mara 25 ya asiyevuta.

Kipimo chake huitwa bekereli: bekereli 1 ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Shirika hilo linapendekeza nyumba isizidi bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na pasipowezekana, isivuke 300. Pua haiwezi kukuambia. Hupimwa kwa kikopo kidogo cha plastiki kinachowekwa chumbani kwa miezi mitatu au zaidi, kisha husomwa maabara. Hapa nchini, masuala ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Kuipunguza kunawezekana. Kufungua madirisha mchana husaidia, ila ukifunga, gesi hurudi ndani ya saa chache. Fungua ya pande mbili, yaliyo chini. Tundu la juu peke yake linaweza kuongeza ule mvuto wa dohani. Kuziba nyufa ni kazi ya lazima, lakini peke yake haitoshi, maana gesi hutafuta ufa mwingine. Dawa yenye nguvu zaidi ni bomba linalopitishwa sakafuni hadi kwenye kokoto, likapandishwa hadi juu ya paa, na feni ndogo inayovuta hewa ya chini ya nyumba kabla haijaingia ndani.

Anayejenga sasa ana bahati, kwa sababu kazi hiyo ni rahisi kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Mwambie fundi atandaze kokoto safi, alaze bomba la plastiki lenye matundu ndani yake, afunike kwa nailoni nzito isiyotobolewa, ndipo zege lishuke. Ncha ya bomba ipandishwe hadi juu ya paa. Vipimo vikija kuonyesha radoni imezidi, kitakachobaki ni kufunga feni.