Ukoo si Spishi

Kwa mara ya tatu nimemsikia mtangazaji wa redio, hapa hapa Mombasa, akisema kwamba "spishi ya farasi wa kukokota" inakaribia kutoweka na kwamba shamba dogo nchini Uingereza linajitahidi kuihifadhi. Habari yenyewe ni ya kweli. Neno ndilo lililokosewa, na kosa hilo linamnyima msikilizaji kiini cha habari.

Spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na kupata wana ambao nao huzaa. Farasi wote wanaofugwa ni spishi moja, nao wamejaa duniani. Punda ni spishi nyingine, na ndiyo maana punda dume akimpanda farasi jike huzaliwa nyumbu, hodari wa mizigo lakini karibu daima tasa, kwa kuwa farasi ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili) 64, punda 62, na nyumbu hubaki na 63.

Kinachokwisha ni ukoo. Suffolk Punch, farasi wa kukokota wa habari hiyo, ni ukoo mmoja ndani ya spishi ya farasi, uliojengwa na wakulima wa mashariki mwa Uingereza kwa kuchagua, kizazi baada ya kizazi, dume gani ampande jike gani. Wote wana rangi moja ya hudhurungi nyekundu, na miguu yao haina yale manyoya marefu ya farasi wengine wa kazi, jambo lenye manufaa makubwa kwa mnyama anayevuta plau katika udongo mzito wa mfinyanzi. Ukiifuata nasaba yao upande wa baba, wote walio hai leo wanarudi kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1768. Chama cha wafugaji wao kiliundwa mwaka 1877, na daftari lao la nasaba linaendelea kuandikwa. Lakini trekta zilipochukua kazi ya mashamba, farasi hao walipungua hata mwaka 1966 wakaandikishwa watoto tisa tu.

Badala ya ukoo wafugaji wetu husema "mbegu", nami siwakatazi, ila neno hilo humwelekea zaidi dume: tunasema dume la mbegu. Lugha yetu ina neno jingine ambalo naona tumelitupa mapema mno. Wazee walimwita mnyama jike anayezaa "koo": koo la kuku, koo la mbuzi. Siku za kuelekea Idi niliwahi kumwona mzee mmoja sokoni akikataa fedha taslimu za mnunuzi wa kuchinja. Alimgeuza mbuzi wake, akamwonyesha chuchu zilizorefuka kwa kunyonywa, akasema, "Huyu ni koo, mwanangu, ashazaa mara mbili, nikikuuzia huyu nimekuuzia zizi." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo kuhusu maana ya kuhifadhi ukoo wa wanyama.

Hesabu ya mzee yule ndiyo hesabu ya shamba la kuzalisha farasi. Dume mmoja anaweza kuwapanda majike wengi kwa msimu mmoja, lakini jike hubeba mimba yapata miezi kumi na mmoja na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Kwa hiyo wanaopima hatari iliyoukabili ukoo hutazama kwanza idadi ya majike wanaozaa, yaani makoo, na wala si jumla ya farasi walioko malishoni. Tena jike wa Suffolk Punch akipandwa na dume wa ukoo mwingine, mtoto atazaliwa mzima na mwenye nguvu, na spishi haitakuwa imepoteza chochote; ila atakuwa chotara, na ukoo utakuwa umepoteza karibu mwaka mzima wa tumbo la koo mmoja. Neno "spishi" haliwezi kuieleza hasara hiyo, kwa sababu kwa upande wa spishi hakuna hasara iliyotokea.

Basi habari hiyo itakaposomwa tena, namwomba mtangazaji wetu, kwa heshima, aseme kwamba ukoo mmoja wa farasi wa kukokota unakaribia kutoweka. Na muda ukimruhusu, atuambie pia shamba hilo limebakiwa na makoo wangapi.