Pombe kali haipashe mwili moto kwenye teluji

Kila mwaka kuanzia mwezi wa 12, ile mesaji inarudi kwenye magrupu ya hapa Goma: eti ndugu akifika Kanada anywe kwanza pombe kali mbele ya kutoka inje, itamupasha damu moto.

Si kweli. Pombe inapanua mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, damu yenye joto inatoka katikati ya mwili inakuja juu, njo maana uso unawaka na unasikia moto, kumbe ile joto inaishia hewani, na tena pombe inapunguza kule kutetemeka kwenye mwili unajitafutia joto. Kawaida mwili uko na digrii 37 hivi, ukishuka chini ya 35 ni hatari, na mutu amelewa hajue kama anaganda. Batu banachanganyikiwa ju baridi na moto tunavisikia kwanza kwa ngozi. Kama una mashaka, uliza muganga yeyote.

Mwenye kutuma anahurumia ndugu yake, naelewa, lakini tafazali tusiitume tena. Afazali umutumie hii: Montréal inaweza kufika -20 na bado batu banaifurahia, banavaa nguo ya sufu karibu na mwili (ya pamba ikilowana jasho inakupoza), soksi kavu, juu koti ya kuzuia upepo, banatoka mchana ju mwezi wa 12 saa kumi na moja giza imeshaingia, banaenda kuteleza na watoto, bakirudi chai moto.