Kabla hujadiferenshieti sin x, cheki kalkuleta yako iko modi gani

Wanafunzi wa kidato cha tano na sita ninaowafundisha hesabu karibu wote wanajua ukidiferenshieti sin x (yaani ukitafuta inabadilika kwa kasi gani) unapata cos x, wameshaikariri, ila ukiwauliza kwa nini darasa zima kimya. Mi naona hapo ndo pa kuanzia, maana fomula yote hiyo imesimama juu ya limiti moja (limiti ni thamani ambayo jibu linaisogelea): sin x gawanya kwa x, x ikikaribia sifuri, jibu 1.

Chukua kalkuleta, weka radiani (kipimo cha pembe ambacho duara zima ni 2π badala ya digrii 360), piga sin 0.1 gawanya kwa 0.1. Inatoka 0.99833. Shuka mpaka 0.01, inatoka 0.99998, yaani unaiona kabisa inaisogelea 1. Haya, sasa hamia digrii urudie ile ya 0.1. Inatoka 0.01745! Kalkuleta haijaharibika, hiyo ni π/180, na ukiendelea na digrii itakuganda kila mahali: derivativu ya sin x (jibu la kuidiferenshieti) haiwi tena cos x, inakuwa π/180 mara cos x. Ndo maana kwenye kalkulasi tunang'ang'ania radiani.

Sasa hiyo 1 inatoka wapi? Chora duara la nusukipenyo 1, weka pembe ndogo x pale katikati. Utapata maumbo matatu, moja ndani ya lingine: pembetatu ndogo yenye eneo ½ sin x, halafu kipande cha duara chenyewe, kama umekata chapati, eneo ½x (hii ni kweli kwenye radiani tu, usiipite haraka), halafu pembetatu ya nje yenye eneo ½ tan x. Gawanya zote kwa ½ sin x kisha pindua, unabaki na

cos x < sin x / x < 1

x ikienda sifuri cos x nayo inaenda 1, kwa hiyo huyo wa katikati kabanwa kotekote, hana pa kukimbilia.

Kuanzia hapo kazi ni nyepesi. Fungua sin(x+h), h ikiwa hatua ndogo inayoenda sifuri, toa sin x, gawanya kwa h:

sin x · (cos h − 1)/h + cos x · (sin h)/h

Ile (cos h − 1)/h zidisha juu na chini kwa (cos h + 1), utaona inakufa inakuwa sifuri. Sin h/h ni 1. Inabaki cos x, basi.

Kuna wanaokimbilia kanuni ya L'Hôpital (unadiferenshieti juu na chini kila moja peke yake, ndo unatafuta limiti) kuthibitisha sin x/x. Jibu linatoka sawa, lakini hapo unatumia derivativu ya sin x kuthibitisha limiti iliyoizaa hiyo derivativu, mimi kama uthibitisho siupokei.

Na swali linaloniumiza kichwa kuliko yote ni sin 5x / sin 3x, x ikienda sifuri. Mtu anafuta "sin" juu na chini, anafuta x, anaandika 5/3, na jibu ni 5/3 kweli! Njia halali ni kuandika (sin 5x/5x) · (3x/sin 3x) · 5/3, mbili za mwanzo zote zinaenda 1. Ukitaka kuona kule kufuta kunavyodanganya, peleka x kwenye π/2: aliyefuta bado atakwambia 5/3, wakati sin 5π/2 ni 1, sin 3π/2 ni −1, jibu −1.